Somo la Spishi Kwenye Stesheni ya Kolwezi

Aibu hii huwa siisimulii nikiwa nimesimama, natafuta kwanza mahali pa kukaa, maana ilinipata nikiwa nimesimama mbele za watu.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia Kolwezi, kule Katanga, miaka ambayo migodi ilikuwa inakufa na mishahara imegeuka hadithi, na wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba taabu yetu yote imeletwa na watu wa Kasai, mkoa wa jirani, hata wale ambao babu zao ndio waliochimba na kujenga reli, hata wale ambao huko Kasai hawajawahi kufika. Watu wakatolewa nyumbani mwao, wakajazana stesheni kungoja treni ya kuwapeleka kunakoitwa kwao. Mke wangu Kapinga alikuwa wa damu hiyo. Amezaliwa Kolwezi, Kiswahili chake kinapita changu, lakini jina lilitosha kumponza, kwa hiyo tukahamia mtaa ambao hatukujulikana, na pale akawa Mama Jeanne tu, mama wa binti yetu mkubwa, na majirani wakadhani ni Msanga, mwenyeji wa Katanga kama mimi. Kila mtu akibisha hodi, moyo wangu ulikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Kaka yake, Mukendi, mwalimu wa hesabu katika shule yetu, hakuwa na pa kujificha, mji mzima ulimjua. Alikuwa stesheni wiki nyingi sasa, chini ya turubai na mke na watoto, na mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea unga kwa kujiibaiba.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda kilima cha shaba upande wa mgodi wa Mashamba kuchukua mmea wa somo la Jumatatu (shule ilikuwa nusu tupu, lakini mwalimu ni mwalimu), nikauchimba na udongo wake, nikautia ndani ya kopo la maziwa, maua yake ya buluu yananing'inia pembeni. Kurudi, badala ya kupita nyumbani kuliweka lile kopo, nikasema nipite stesheni moja kwa moja na unga wangu. Uamuzi wenyewe ni huo tu, hakuna mwingine.

Mlangoni mwa stesheni kulikuwa na kizuizi cha vijana wenye fimbo, waliotumwa na wakubwa wale, na mkubwa wao alikuwa Serge, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyelala katika vipindi vyangu vyote bila kubagua.

"Prof," akasema kwa heshima, "iyo ni nini unabeba?"

Mtu mwenye akili angejibu ni maua. Mimi (huu ni ugonjwa wa walimu, hauna dawa) nikasimama nikamweleza kwamba mmea huu unaota juu ya kilima cha shaba tu, kwamba udongo ule ni sumu, zamani mbegu za bondeni ziliangukia pale zikafa karibu zote, zikabaki chache zilizozaliwa na badiliko dogo katika vinasaba, badiliko la kuvumilia shaba, na hizo chache zikazaana zenyewe kwa zenyewe, zikachanua kwa wakati wao, chavua ya bondeni haifiki juu na ya juu haishuki, mabadiliko yakarundikana kizazi juu ya kizazi, maelfu na maelfu, mpaka siku ukiwakutanisha ndugu wale wawili hawawezi tena kuzaa pamoja, na hapo ndipo tunasema spishi mpya imezaliwa.

Serge alikuwa ananisikiliza kinywa wazi. Kwa mara ya kwanza maishani ameelewa somo langu, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Akageukia wenzake. "Mukuye musikie. Prof anasema ata siyansi inakubali. Batu bakikala mbali, banakuwa aina ingine. Bale ba Kasai na siye hatuko aina moja."

"Mi sikusema vile," nikasema, lakini sauti yangu ilitoka nyembamba, na tayari nilikuwa nimenyanyuliwa juu ya kreti la bia, kopo mkononi, mfuko wa unga kwapani, watu wanakusanyika, wengine wananipigia makofi. Nyuma yao, kati ya matandiko na masufuria, walikuwa wale waliofukuzwa, na Mukendi alikuwa amesimama ananitazama.

Nikasema lazima nirekebishe. Jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu, nikasema binadamu si maua ya kilimani, sisi hatujawahi kutengana kiasi hicho, tumeoana siku zote, na spishi mbili hazizai watoto wazima watakaozaa nao.

"Unajua namna gani?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Weye uliona?"

Swali zuri, nikaona limeniletea ushahidi mkononi.

"Mi niko na bibi wa Kasai," nikajibu, "na batoto yangu bote ni bazima."

Makofi yakakatika. Nilisikia neno langu baada ya wote kulisikia.

"Mama Jeanne?" Serge akauliza polepole. Alikuwa anakula mikate aliyouza mke wangu karibu kila asubuhi pale kwenye kona yetu. Wengine walikuwa wameanza kuulizana mtaa gani, nyumba gani. Serge akanishika mkono kunishusha, akaninong'oneza, "Prof, kimbia. Mi nitabachelewesha."

Nilikimbia katikati ya mji, mtu mzima mwenye tai, kiatu kimoja kikabaki njiani, mfuko umepasuka na unga umenipaka weupe mbavuni, watu wananicheka, na sikujua hata kopo nililiachia wapi. Nyumbani Kapinga alikuwa anakanda unga wa mikate. Nilimwambia kwa pumzi vipande vipande.

"Balikuuliza, ao ulijisemea mwenyewe?"

"Nilikuwa naeleza somo."

Akafuta mikono. "Mi najifunga kinywa ata kwa kuomba Mungu na luga yetu. Na weye unapanda juu ya kreti." Akaanza kuwavisha watoto.

Hatukuwa na pa kwenda isipokuwa stesheni ileile, tukaingia kwa nyuma, kupitia relini. Wale waliofukuzwa walikuwa wamesikia somo langu lote. Mama mmoja alivuta sufuria yake isiguse mguu wangu, na sikuweza kumlaumu. Mukendi alikunja turubai, akatupatia nafasi, akangoja mpaka Kapinga alipowalaza watoto.

"Shemeki," akasema, "ile ya pili, ya bibi na batoto, ilikuwa muzuri. Sasa juu ya nini haukuanza na ile?"

Treni ilipokuja tulipanda sote, na huko Kasai wanangu waliitwa Bakatanga, wakachekwa kwa kusema kibovu Chiluba, lugha ya mama yao, na baba yao hakukisema kabisa.

Bado nafundisha. Lakini nimeapa, somo lile silianzi tena kwa mmea. Naanza na watu, kwamba sisi sote ni spishi moja, naandika ubaoni, nangoja mpaka wa mwisho amenakili, ndipo nafungua kitabu. Wanafunzi hushangaa kwa nini mwalimu anaanza sura kwa mwisho wake, na mimi siwaelezi.