Msumari Tumboni

Daktari Mzungu alikataza mambo mawili: mfungwa asipasuliwe, wala asipewe mafuta ya mbarika ya kumharisha. Alishwe ugali mgumu na viazi vitamu, nasi tungoje. Kila choo chake kipekuliwe kwa kijiti mpaka msumari aliomeza uonekane. Kupekua ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na darasa la nne tu na ndoto ya kuvaa kofia nyeupe ya unesi, basi hata hiyo niliifanya huku nikiimba.

"Unatafuta dhahabu, dada?" askari jela alinitania.

"Nikiipata, nakutolea mahari mimi mwenyewe!"

Mfungwa, mguu umefungwa mnyororo kitandani, hakucheka. Wala hakula. Mama yake alilazwa wodi ya wanawake, ng'ambo ya ua, ameletwa kwa gari moshi kutoka Igalula, tumbo limejaa maji. Habari ilimfikia gerezani. Akaomba ruhusa, akanyimwa, akameza msumari. Sasa alijua msumari ukitoka, naye anarudishwa.

Mama tulimwambia mwanawe ana homa. Nilipomwamkia shikamoo, aliitika, "Marahaba, mwanangu. Anakula? Mwambie nimesema ale."

Nikaufikisha ujumbe. Akala, machozi yakidondokea ugali.

Siku kijiti changu kilipogusa chuma kwenye beseni, askari alikuwa amesimama papo hapo. Nikapiga magoti. "Kaka, mpitishe kwa mama yake. Tafadhali."

Akatazama pembeni. "Upesi, basi."

Nilimfunika mfungwa pingu kwa kanga yangu. Mama, macho hayaoni vizuri tena, akampapasa uso.

"Umekonda, baba. Homa imeisha?"

"Imeisha, mayu."

"Basi kesho uje tena, ukae kidogo."

"Nitakuja."

Nikamsindikiza yeye na askari hadi njia ya zamani ya misafara, inayopita karibu na gereza. Hapo mfungwa akajikwaa, akaanguka, akainuka mdomo ameufumba. Nilidhani ni uchungu tu.

"Fungua mdomo," askari akasema.

Akatikisa kichwa.

"Tema. Ndugu yangu, nakuomba, tema."

Sikuwahi kusikia sauti ile kwa mtu yule wa mizaha. Akamwingiza vidole, akatoa kijiwe chenye ncha, kina mate na damu, akakitupa mbali majanini.

Mfungwa akakaa chini mavumbini.

"Amesema kesho, afande," akalia. "Umesikia mwenyewe. Amesema kesho."