Shubiri na Maziwa ya Kopo

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Pale mtaani Jericho, ukinirukia foleni ya mfereji, ulinisikia mpaka nyumba za ng'ambo. Lakini mwaka ule niliojifungua mwanangu nilijifunza kufunga mdomo, na sijawahi kuwa mpweke vile.

Mume wangu, dereva wa lori la kiwanda kule Industrial Area, alifariki mimba ikiwa na miezi sita. Kwao magharibi walisema amerogwa na wenzake wa kazini. Mimi nilijua kilichomuua, kwa sababu kliniki walikuwa wamenipima. Sista alifunga mlango akaniambia nina virusi, na kwamba mtoto anaweza kuzaliwa salama kisha avipate kwa kunyonya. "Mpe maziwa ya kopo peke yake. Usimchanganyie." Na kumpima je? Tungoje. Kinga za mwili wangu zingebaki kwenye damu yake kwa muda mrefu, na kipimo kingesema anavyo hata kama hana. Miezi kumi na minane, akasema, kama mtu anayekuambia urudi Jumatatu.

Haya basi. Nikafunga matiti kwa leso, nikabandua karatasi za makopo, nikawaambia majirani maziwa yamekauka kwa sababu ya msiba. Wakaamini. Maziwa yenyewe hayakuwa na habari: mtoto akilia tu, leso inalowa.

Wiki ya tatu mama mkwe akaja na kuku wawili na unga wa wimbi. Kusikia nimekauka, akavua koti. Alininywesha uji, akanikanda kwa maji ya moto, jirani wa chumba cha pili akimshikia beseni. Maziwa yalipochuruzika, jirani akapiga vigelegele. Vigelegele, jamani! Mama mkwe akamtwaa mtoto, akambandika kifuani pangu kwa mikono yake mwenyewe. "Nyonya, baba," akamwambia, machozi yakimtoka. Huyo ndiye aliyekuwa amebaki wa mwanawe.

Ningesema nini? Kumwambia ukweli ni kumwambia kilichomuua mwanawe, tena mbele ya jirani asiyeweza kuficha hata mboga aliyopika. Nikanyamaza. Mwanangu akanyonya. Nilihesabu mafunda mpaka nikapotea. Nilijichukia, na siku hiyo naichukia mpaka leo.

Kesho yake alfajiri nilikata jani la mshubiri kwenye ua wa kanisa, nikajipaka utomvu wake. Ndivyo tunavyowaachisha ziwa watoto wanaotembea. Nani aliwahi kumfanyia wa wiki tatu? Mama mkwe alipombandika, mtoto alikunja uso, akatema, akalia mpaka akakauka sauti. Akajaribu tena mchana. Akajaribu jioni. Siku ya tatu aliketi kitandani akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko matusi.

"Woi, mwanangu. Mtoto amekukataa."

Habari hiyo ilizunguka mtaa kabla chai haijapoa. Eti nilimkosea marehemu, ndiyo maana. Mama mkwe aliporudi nyumbani nilimpungia mkono nikiomba aende haraka, na nikitamani abaki.

Kisha ikawa kungoja. Kila homa, kila kuharisha, nilijiambia ni yale mafunda. Jirani akiuliza mbona nimekonda, nasema ni kazi. Kanisani nilimwombea mtoto afya kama mama yeyote, wakaitikia amina bila kujua wanaitikia nini. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuogopa pamoja nami.

Miezi ilipotimia, sista alitoka na karatasi. "Hana. Mtoto wako ni mzima kabisa." Akanikumbatia upesi, maana foleni ilikuwa ndefu, akaita mwingine.

Nikatoka nje nikiwa na furaha ya kupasua kifua, nikitafuta wa kumwambia. Nani? Kumwambia mtu habari njema ilibidi nianze na ile mbaya. Watu walipita na shughuli zao. Nikachuchumaa kando ya lango, nikamshika mwanangu mabega.

"Mama ana ugonjwa," nikasema. Maneno hayo hayakuwa yamewahi kutoka kinywani mwangu. "Ugonjwa mbaya, baba. Lakini wewe huna."

Akanitazama kwa makini, kisha akaninyooshea mikono yote miwili.

"Beba," akasema.