Tulivyoipangia Bei Skrini Mpya

Siku yangu ya kwanza dukani nilipewa kitambaa laini, chupa ya maji safi na onyo. "Usipulizie maji kwenye kioo," Fundi Mkuu aliniambia. "Pulizia kitambaa. Maji yakiteremka mpaka ukingo wa chini, skrini imekufa, na wewe umeenda nyumbani."

Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye mvi za kwanza. Shule niliiacha darasa la saba. Tangu hapo nilikuwa nimekata miwa, nimechimba dhahabu Malinya huku maji ya shimo yakinifika kiunoni, nimepaka rangi mabati kule Mukumu na nimeswaga ng'ombe wa mawakala katika soko la Lubao. Popote nilipofanya kazi sikukaa. Sikufukuzwa, ni kwamba nikishaelewa jambo linavyokwenda, nyayo zilianza kuniwasha, na asubuhi moja watu waliamka wakakuta nimehama.

Mwenye duka tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyejenga duka lake la kompyuta mjini Kakamega kuanzia meza moja ya barazani. Nilipokuja kuomba kazi ya kufagia aliniuliza, "Kompyuta umesomea wapi?"

"Sijasoma, Madam. Lakini ningependa kujua kwa nini ile skrini ya pili kutoka mwisho ina ubluu kuliko wenzake."

Aligeuka akaitazama. Akaitazama tena. "Hiyo imekaa hapo tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeniambia," alisema. "Vua koti uanze."

Wakati huo tuliuza mitumba ya ng'ambo tu, yaani skrini zilizotumika katika ofisi za Ulaya na kuletwa huku kwa makontena. Vijana wa leo hudhani skrini ni kioo kinachowaka. Ndani yake kuna taa nyembamba zinazomulika kutoka nyuma, na mbele ya taa hizo kuna mamilioni ya vijidirisha vidogo vya rangi. Kila kijidirisha sisi tulikiita nukta. Nukta ikifa hubaki nyeusi. Ikikwama huwaka rangi moja usiku na mchana, nyekundu au kijani, kama chembe ya pilipili kwenye ugali. Taa za nyuma nazo zinaweza kuvuja pembeni, ukaona weupe mahali panapotakiwa kuwa giza. Mambo haya nilijifunza kwa Fundi Mkuu, kijana wa chuo kikuu aliyeweza kueleza jambo lolote mara tatu bila kukasirika. Baada ya muda alinitoa kwenye kitambaa akanipeleka meza ya ukaguzi, na kutoka hapo Madam akanipeleka mbele, kwa wateja. Miguu haikuniwasha. Kila sanduku lilikuja na fumbo lake, na mimi ni mtu wa mafumbo.

Kisha ikaja skrini mpya.

Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imeanza kuleta skrini za nyumbani, inchi ishirini na nne, kingo nyembamba kama ukucha. Ilitafuta duka moja la kuwa wakala wake kwa upande wetu, na Madam akapata. Meneja wa Kanda alikuja mwenyewe na lori. Alikuwa mtu nadhifu, mcheshi, lakini masharti yake yalikuwa makavu. "Bei ni elfu kumi na sita," alisema. "Muhuri wa sanduku usivunjwe kabla mteja hajalipa. Ukivunjwa, mimi siwezi kulirudisha Nairobi, kwa sababu si jipya tena."

"Na mteja akikuta nukta iliyokufa?" nilimuuliza.

"Kiwanda kinaruhusu hadi tatu. Hizo hazihesabiwi kasoro."

Fundi Mkuu alinitazama, nami nikamtazama. Tulijua wateja wetu.

Wiki ya kwanza hatukuuza hata moja. Mtu aliingia, akapapasa sanduku, akalipima uzito kwa mikono miwili kama jogoo wa kununua, kisha akasema, "Fungua nione."

"Lipa kwanza, mzee, halafu tutafungua."

"Nilipie giza? Basi nipe ile ya mtumba. Hiyo angalau naiona ikiwaka."

Madam alishusha bei hadi elfu kumi na nne. Mambo yakawa mabaya zaidi. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameanza kushawishika alisoma kibandiko kipya, akarudi nyuma hatua moja. "Juzi ilikuwa kumi na sita, leo kumi na nne," alisema. "Iko na ugonjwa gani?" Akatoka, na nje nilimsikia akimweleza mwenzake kuhusu ugonjwa huo ambao sasa ulikuwa umeshapata dalili.

Meneja wa Kanda alipita tena katikati ya mwezi, akayaona masanduku yamepangwa vilevile. Hakupaza sauti. "Madam, nikirudi mwisho wa mwezi nikiyakuta haya, uwakala naupeleka Kisumu. Usinichukie. Hata mimi nina wakubwa."

Alipoondoka Madam alituita akatueleza bila kuzunguka. Mitumba sasa iliuzwa kila kona ya mji, na faida yake ilikuwa imekonda. Uwakala ukienda, duka lingerudi kuwa la meza moja, na meza ya kwanza kuondoka ingekuwa yangu. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikijishangaa. Nilikuwa nimeacha kazi nyingi bila kugeuka nyuma, na hii ndiyo ya kwanza niliyoogopa kuipoteza.

Asubuhi nilimkuta Madam anapanga bei mpya, ya chini zaidi. Nikamwambia, "Madam, ngoja kidogo. Kule Lubao hakuna anayetaja bei ng'ombe akiwa amelala."

"Shiundu," Fundi Mkuu alidakia, "hii ni skrini. Haina miguu."

"Ng'ombe husimamishwa kwanza. Anatembezwa, mnunuzi aone kama anachechemea. Anafunguliwa mdomo, meno yaonekane. Bei huja mwisho. Sisi tunaanza na bei, halafu tunakataza watu kuangalia meno."

"Na tukifungua tukute meno yameoza?"

"Tunasema yameoza, na bei inashuka. Mazima nayo yanapanda."

"Yanapanda?" Fundi Mkuu alicheka mpaka akaketi. "Mtu hajanunua kwa kumi na nne, wewe unataka kumpandishia!"

Madam hakucheka. Alikuwa anayatazama masanduku. "Nikivunja hii mihuri," alisema polepole, "Nairobi hawatapokea hata moja. Yatakuwa yangu, yauzike yasiuzike."

Uamuzi huo haukuwa wetu. Alizunguka meza mara moja, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na kisu cha kukatia mkate. Muhuri wa kwanza aliukata yeye mwenyewe.

Kutwa nzima tulifungua. Fundi Mkuu, ambaye hakuwahi kuendeleza ubishi kazi ikishaanza, alitengeneza faili la kuonyesha rangi tano zikijaza kioo moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe unaona nukta iliyokufa. Kwenye nyeusi unaona iliyokwama, na mwanga unaovuja. Nyingi zilikuwa safi kabisa, safi kuliko tulivyotarajia. Chache zilikuwa na nukta mbovu moja au mbili. Moja ilivuja pembeni kama mlango uliofungwa vibaya.

Kisha tukapanga bei, na hapo ndipo ubishi mtamu ulipoanza. Mimi nilitaka bei mbili, ya safi na ya zenye nukta. Fundi Mkuu alisema hapana, nukta ya katikati na nukta ya ukingoni si ndugu. Jicho hukaa katikati. Alikuwa sahihi. Mwishowe safi ikawa elfu kumi na saba, na ahadi ya duka kwamba nukta ikijitokeza kabla ya mwaka kuisha tunabadilisha bila maswali. Yenye nukta ukingoni, kumi na tano. Yenye nukta katikati, kumi na nne. Ile inayovuja Madam alikataa kuiuza kwa bei yoyote.

Siku ya soko tulizitoa barazani, zikiwaka, zikibadilisha rangi. Watu walisimama kama wanavyosimama kutazama ajali. Wa kwanza kukaribia alikuwa mama mmoja wa Mukumu tuliyezoea kumwita Senje, yaani shangazi, kwa sababu alikuwa shangazi wa kila mtu. Alikuwa na kibanda cha kuchapa karatasi, hasa ratiba za mazishi.

"Hii ni ya pesa ngapi?"

"Angalia kwanza, Senje. Bei baadaye."

"Mnaumwa? Tangu lini dukani?" Lakini aliinama. Nilimpitisha rangi zote tano. Kwenye nyeupe akaweka kidole. "Hiki ni kinyesi cha nzi?"

"Ni nukta iliyokufa. Haifutiki. Kwa sababu hiyo ni elfu kumi na tano, na isiyo nayo ni kumi na saba."

Alihesabu kwa midomo. "Mimi ninachapanga programu za matanga," alisema. "Picha ya marehemu inawekwanga katikati. Hako kadudu kako huku pembeni. Kananisumbua nini?" Akanigeukia kwa ghafla. "Hamna yenye tatu unipunguzie zaidi?"

Baraza zima liliangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akafungua mkoba.

Nyuma yake alisimama kijana wa Malinya aliyerekodi mapigano ya mafahali na kuyauza kwenye simu. Nilimwonyesha yenye nukta ya katikati, iliyokwama nyekundu. Akatikisa kichwa. "Zii, mzee. Kila ng'ombe ataonekana ana macho matatu. Nipe ile kali."

"Kali ni kumi na saba, na haipungui."

"Na mkisema mtabadilisha, mtabadilisha kweli? Ama ni story?"

Madam alijibu kutoka mlangoni, "Kijana, duka liko hapa tangu hujazaliwa. Ukikuta nukta, njoo nayo, na uje na watu."

Alilipa. Mchana, yule mwalimu aliyegundua ugonjwa alirudi. Alizitazama skrini nne, rangi tano kila moja, mikono nyuma kama anayesimamia mtihani. Alichukua safi. "Sasa nimejua inaumwa nini," alisema. "Haiumwi." Na kwa sababu alikuwa mtu wa kusikilizwa, walimu wenzake walikuja wiki ile ile. Za kumi na saba ndizo zilizoisha kwanza. Fundi Mkuu alinijia na kibandiko cha mwisho cha elfu kumi na saba mkononi, akakibandika kwenye paji la uso wangu, akaenda zake.

Meneja wa Kanda aliporudi, kitu cha kwanza kuona kilikuwa masanduku matupu yaliyokatwa mihuri. Uso ukambadilika.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Madam alisema.

"Nilikwambia siwezi kuyachukua!"

"Sijakuambia uyachukue. Skrini zimeisha. Imebaki moja inayovuja, hiyo nimekuwekea muione wenyewe huko Nairobi."

Alivuta kiti. Aliletewa chai, akainywa akitutazama tukihudumia watu waliokuja kuulizia mzigo mwingine. Alitaka kujua ni wangapi wamerudisha. Hakuna, tukamwambia. Alitaka kujua tulizoshusha bei zilienda kwa nani, nami nikamweleza habari za Senje na kadudu kake, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye tai. Kisha akatoka nje kupiga simu. Alirudi ameishika simu kifuani.

"Wanauliza hii sera ya kufungua mbele ya mteja ni ya nani."

"Waambie ni ya Kakamega," Madam alisema.

Uwakala haukwenda Kisumu. Uliongezwa, tukapewa na Bungoma na Busia. Mimi nikaitwa Mkaguzi wa Ubora, cheo kilichowafanya shemeji zangu wanyamaze kwa muda mrefu, na nikawa nasafiri kufundisha maduka mengine kuwasha rangi tano na kungoja kabla ya kutaja bei. Kwa mtu mwenye miguu kama yangu ilikuwa kazi ya ndoto: kuhama kila wiki, na kila wiki kurudi mahali pale pale. Kampuni yenyewe ilibadilika. Ilipoona zenye nukta zinauzwa huku kwa bei ya chini na hadharani, ilianza kuzichambua kule kule ghalani, na mizigo iliyofuata ikaja safi zaidi.

Nilistaafu mwaka jana, macho yakiwa yamechoka kuliko miguu. Wanaoanza biashara huniuliza bei nzuri ni ipi. Mimi sijui bei nzuri. Ninachojua ni kwamba mteja wetu alilipa zaidi kwa kile alichokiona, akakataa kulipa kidogo kwa kile alichokisia, na mashaka yake ndiyo yaliyotufundisha ubora tulioweza kuusimamia. Wengi huwaona wateja wa namna hiyo kuwa wasumbufu. Mimi nimekula kwa usumbufu wao, nimejenga, nimesomesha.

Wiki iliyopita nilikuwa mjini bila shughuli, nikaingia katika duka jipya ambalo halina uhusiano wowote na letu. Muuzaji, binti ambaye sijawahi kumwona, alikuwa amefungua sanduku juu ya meza, skrini inawaka nyeupe, na mnunuzi ameinama mbele yake, pua karibu iguse kioo. Bei haikuwa imetajwa. Nilisogea, kwa tabia yangu ya kutaka kujua, nami nikainama.

"Mzee," mnunuzi alisema bila kugeuka, "songa kidogo. Hapa watu huangalianga vizuri kabla ya kununua."

Nikasonga, nikimwachia nafasi yote.