Neno la Ukurasa wa Nne

Mwanabibi hakuvuka darasa la saba, na Kiingereza chake chote amekiokota vyumbani mwa wageni. Miaka kumi na tisa amefagia gesti moja pale Ikwiriri, akibadili mashuka ya wanunuzi wa ufuta na mafundi wa barabara. Kila neno alilolikuta kwenye chupa ya sabuni, kwenye tangazo la mlangoni au kwenye gazeti lililotupwa, aliliandika kwenye daftari, na mbele yake akaweka maana kwa namna yake mwenyewe. "Fragile": kikivunjika lawama ni yangu. "Vacant": hamna mtu, ingia ufagie. "Complaint": mgeni kanuna, mwite bosi. Wenzake walimcheka wakambatiza Madam. Alinuna siku mbili tatu, kisha akazoea, na kamusi ndogo aliyoachiwa na mhandisi mmoja haikutoka tena mkobani mwake.

Jumamosi moja alikuwa bondeni, nyumbani kwa kaka yake Mohamedi, kwenye kikao cha ukoo. Bwana mmoja aitwaye Ismaily, mtu wa kampuni ya Dar es Salaam, alikuwa anataka shamba lao la mpunga, ekari tisa walizoachiwa na baba. Mohamedi alisema ni kukodisha tu, misimu mitano, kisha shamba linarudi mikononi mwao. Yeye mwenyewe alikuwa ameshatia dole gumba wiki iliyopita. Lililobaki lilikuwa dole la shangazi yao, Bi Sihaba, mkubwa wa ukoo, maana bila yeye shamba haliendi popote.

Sasa, watu wa huku tuna ugonjwa wetu mmoja, nao tunauita heshima. Mgeni akishakula wali wako, humuulizi tena habari za karatasi zake. Ni sawa na kumwambia autapike. Na dua ikishasomwa, viganja vikapita usoni, jambo limefungwa, na atakayelifungua tena ataitwa mchawi wa ukoo mpaka anakufa. Kwa hiyo tunakula, tunaomba dua, tunatia saini. Kusoma tunamwachia Mungu.

Wali ulipoletwa, Mohamedi alimgeukia dada yake. "Mwanabibi, mshikie mgeni karatasi zake, zisije zikaingia mchuzi."

Ismaily akampa bila wasiwasi, tena kwa tabasamu. Nani amwogope mfagiaji wa gesti?

Mwanabibi akaenda nazo uani, akasimama nyuma ya jiko. Hakuwa na nia mbaya. Macho yake yalikuwa yameshazoea kusoma chochote kinachopita mbele yao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa majina. Wa pili, mipaka ya shamba. Akaanza kuitafuta ile misimu mitano. Hakuiona ukurasa wa pili, hakuiona wa tatu. Ukurasa wa nne, pale panapotajwa muda, hapakuwa na tarakimu yoyote. Palikuwa na neno moja asilolijua: "perpetuity".

Kamusi ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye msumari sebuleni, juu ya vichwa vya wanaume wanaomaliza kula. Akachukua birika na beseni akaingia, akawanawisha mikono mmoja mmoja, taratibu, huku jasho linamtoka kama mtu mwenye homa. Alipomaliza akautungua mkoba.

"Umemaliza?" aliuliza Mohamedi. "Mbona jasho hivyo?"

"Joto la jikoni, kaka."

Alipofika uani alisikia sauti ya Mwalimu Yassin wa madrasa: "Haya jamani, tukae vizuri, tumwombe Mungu." Vidole vilikuwa na maji, kurasa za kamusi zikanatana. Alipita herufi ya P akajikuta kwenye R, akarudi nyuma, akachana ukurasa mmoja. Aliogopa, nisidanganye. Aliogopa kukosea mbele ya ukoo mzima, na aliogopa zaidi kutokukosea. Ndani, Ismaily, aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini, alikuwa ameshafungua pedi ya wino, na dole la Bi Sihaba lilikuwa limeshapakwa tayari.

Akalipata. Hali ya kudumu bila mwisho. Akalisoma mara tatu, na mara zote tatu likasema vilevile.

"Al-Fatiha," alisema Mwalimu Yassin, na mikono yote ikainuka.

"Mwalimu, naomba usubiri," alisema Mwanabibi, amesimama mlangoni na karatasi mkononi.

Hakuna aliyewahi kusikia mtu akisema hivyo. Mikono ilibaki hewani. Mohamedi alisimama.

"Una wazimu wewe?"

"Kaka, karatasi haisemi misimu mitano. Inasema milele."

Ismaily alicheka, kicheko kifupi cha adabu. "Mama yangu, hayo ni maneno ya wanasheria tu. Hayana uzito wowote."

"Kama hayana uzito, yakate. Kalamu unayo mfukoni."

Mgeni aliitazama simu yake, akaitazama saa. "Siwezi kukata," alisema hatimaye. "Ofisi haitapokea mkataba uliokatwakatwa."

"Basi andika misimu mitano, hapohapo pembeni."

Ismaily akaifunga pedi yake ya wino. Hapo hapakuhitajika kamusi, hata watoto mlangoni walielewa.

Lakini Mohamedi alikuwa ameaibika, na aibu ya mwanaume mbele ya mgeni haina masikio. "Kiingereza cha kufagia vyoo!" alifoka. "Ndicho unachokuja kutuvunjia nacho heshima?" Neno hilo lilimwingia Mwanabibi, machozi yakamtoka papo hapo, asiweze kuyazuia. Hata hivyo hakuziachia karatasi.

Bi Sihaba alikuwa bado amekiinua kidole chake cheusi. "Mwanangu," alisema, "hiyo milele ni mpaka mimi nife?"

"Hapana, shangazi. Ukifa wewe, nikifa mimi, wakifa wajukuu zetu. Bado shamba litakuwa lao."

Bi Sihaba alikitazama kidole, akashika pindo la kanga yake mpya, akakifuta polepole mpaka wino wote ukahamia kwenye nguo. "Mgeni wetu, umekula, tunashukuru," alisema. "Mohamedi, na wewe ulitia dole lako bila kusomewa?"

Mohamedi alizichukua karatasi mkononi mwa dada yake, akazifunua mbele na nyuma, zote zikiwa sawa machoni pake, mpaka akakutana na alama ya dole lake mwenyewe chini ya ukurasa wa mwisho. Akakaa chini, hapohapo mkekani.

"Dada," alisema. "Hilo neno liko wapi?"

Mwanabibi alipiga magoti kando yake, akarudi mpaka ukurasa wa nne, akamshika kidole, akakiweka juu ya neno lenyewe.