Korosho Kwenye Kifua cha Zuhura

Assalaamu alaikum, kina mama, na nyinyi kina baba wawili mliokaa pale nyuma. Sista wa kliniki ameniomba niwaeleze yaliyompata binti yangu. Mimi si msemaji, na mengine mpaka leo yamenichanganyikia kichwani. Nitayasema kama nilivyoyaona.

Naitwa Rashidi. Naendesha bajaji hapa mjini, nyumbani ni Chuno. Zamani hospitali nilikuwa nashusha abiria getini, basi, naondoka. Zuhura ni mwanangu wa kwanza, wakati ule alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa na mimba kubwa, miguu imemvimba, tukampeleka mtoto kijijini kwa mama yangu, upande wa Mahurunga, akae siku chache. Ulikuwa msimu wa korosho. Aliporudi alikuwa na kikohozi.

Kikohozi chenyewe sikukielewa. Anacheza vizuri, halafu ghafla anakohoa mpaka anatapika makohozi. Akipumua, kifua kinalia kama filimbi. Zahanati walitupa dawa ya maji, haikusaidia. Muuza duka la dawa akasema ni pumu. Jirani akasema ni vumbi. Shangazi yake akasema mtoto amehisi mdogo wake anakuja, ndiyo maana anaumwa. Mimi niliwaamini wote, kila mmoja kwa siku yake.

Mwanaidi akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume. Siku mbili baada ya kurudi nyumbani, asubuhi, Zuhura akapanda homa kali. Nilimvua gauni nikaona mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, midomo imekuwa ya kijivu. Nikambeba, nikatoka mbio barabarani kutafuta usafiri. Jirani akanipigia kelele: "Baba Zuhura, unakwenda wapi? Bajaji yako si hii hapa?" Nilikuwa nimeipita mlangoni.

Mapokezi waliniuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Nikawatajia yangu.

Wakasema ni nimonia, tukalazwa. Akawekewa oksijeni puani, akaanza kuchomwa sindano. Wodi nzima baba nilikuwa peke yangu. Dawa zilimharisha, na mimi sikujua kumbadilisha nguo bila kuvuta mpira wa dripu mkononi mwake. Damu ikarudi kwenye mpira, nikapiga ukelele. Mama wa kitanda cha pili, Mama Shaibu, akaja kunionyesha. "Anza na mkono mzima, baba. Taratibu. Hafi."

Homa ikashuka, akanywa uji. Kesho yake ikapanda tena, na pumzi yake ikaanza kunuka.

"Daktari, jana si uliniambia anapona?"

"Jana alikuwa anapona."

Akaandika kwenye faili, akaenda kitanda kinachofuata.

Ndipo akaja daktari mwingine, mama mtu mzima. Alimsikiliza Zuhura kifuani muda mrefu, kisha akanivalisha mimi kile kipimo masikioni. "Sikia upande huu." Nikasikia upepo. "Na huu." Sikusikia kitu, au nilisikia kidogo sana.

"Mtoto aliwahi kupaliwa? Na karanga, bisi, korosho?"

"Hapana," nikajibu haraka, kama mtu mwenye uhakika.

"Usinijibu wewe tu. Waulize wote waliokaa naye."

Nikampigia simu mama. Nilipomuuliza, nikamsikia anawafukuza kuku kwanza.

"Alipaliwa kidogo," akasema. "Alikuwa anakula korosho huku anakimbia. Akabadilika rangi, nikampiga mgongoni, akatulia. Akaomba maji, akaenda kucheza."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, mwaka jana alipoungua kidole na uji, ulinisema mbele za watu mpaka nikalia. Nikaona hili limekwisha, niliache."

Nilikata simu bila kuaga. Sikujua nimkasirikie nani.

Daktari hakumlaumu mtu. Alisema habari ile imetusaidia kuliko picha ya eksirei ya kifua, kwa sababu korosho haionekani kwenye picha kama inavyoonekana sarafu. "Sasa mnajuaje kama imo?" nikamuuliza. "Hatujui kwa hakika mpaka tuingie tuangalie." Tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Mwanaidi, na kidonda chake na kichanga mkononi, akaniuliza kwenye simu, "Mimi nibaki na huyu au nimfuate yule?" Nikamwambia abaki, mimi nipo na Zuhura.

Tulikwenda na gari la wagonjwa, nesi ameshika oksijeni njia nzima. Kule wakanieleza kwamba watamlaza usingizi, wataingiza bomba lenye taa kupitia mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, na kwamba pumzi inaweza kukatika. Nikasaini. Saini haikufanana na yangu. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikapoteza hesabu ya rakaa, nikaanza upya, nikapoteza tena.

Daktari akatoka na kichupa. Ndani mlikuwa na nusu ya korosho, imevimba, imelainika, imezungukwa na usaha. "Ndiyo hii," akasema. Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Kisha nikakaa sakafuni.

Usaha uliobaki kifuani ulitibiwa kwa dawa siku kadhaa. Siku aliyoomba wali, nilitoka nje nikalia kwa raha zangu.

Tuliporudi Chuno, mama alikuja. Alisimama nje ya mlango na kanga yake kichwani, haingii. Zuhura akamkimbilia. Mimi nikamshika mama mkono, nikamwomba radhi. Yeye alidhani ndiye aliyekuja kuomba radhi.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru yule daktari aliyeuliza mara ya pili, na Mama Shaibu popote alipo. Kina mama, mtoto mdogo msimpe korosho wala karanga nzima, na asile huku anakimbia. Akipaliwa, hata kama ametulia na kurudi kwenye mchezo, mpelekeni hospitali na mseme wazi kwamba alipaliwa. Na mtu anayewalelea mtoto, msimfanye awaogope. Wiki tatu tulihangaika kutafuta ugonjwa, na mama yangu alikuwa nao mdomoni. Mimi ndiye niliyemfunga huo mdomo.