Nilifunga build bila kuangalia folder, Anko wangu akasikika kwa spika ya kituo cha maziwa

Wakuu, sasa. Mimi humu ni mtu wa kupita, kusoma na kucheka na shida za wengine. Leo nina yangu. Sitaongeza chumvi, na ukimaliza kusoma utaona haikuhitaji.

Mimi ni mtu wa software. Nakaa Mwihoko, ofisi yetu iko Ruiru, juu ya duka la chakula cha ng'ombe. Tunatengeneza programu za vituo vya maziwa. Mkulima analeta ndoo, mzani unapima, kompyuta inaandika, halafu spika ya nje inamwambia, "Asante, maziwa yamepokelewa."

Hiyo sauti ni yangu. Nilichaguliwa kwa sababu ni mimi tu nilikuwa na maiki.

Sasa, kwa wasiojua hii kazi. Tuko na tool ya command line inaitwa funga. Boss ndiye aliiandika. Haina button, haina rangi. Unafungua ile screen nyeusi, unaandika funga build, inachukua folder yako ya kazi na kila kitu kiko ndani, inakufungia package moja. Ukiandika funga archive, hiyo package inapewa namba yake na kuwekwa kwa stoo ya kituo unachokitengenezea.

Ikishaingia stoo haibadilishwi wala haifutwi. Boss anajivunia sana hiyo part. Anasema archive si ubao wa shule.

Asubuhi kituo kikiwasha kompyuta mara ya kwanza, kinachukua package yenye namba ya juu kabisa na kuanza kazi nayo. Mtu hahitaji kutoka Ruiru kwenda mahali. Inafanya kazi vizuri sana, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Kituo kimoja kiko nje kidogo ya Thika, upande wa mashariki. Karani wa hapo anaitwa Wairimu. Nilienda kuweka mzani. Nikarudi kuangalia mzani. Nikarudi tena kuangalia mzani ambao haukuwa na shida yoyote. Nafikiri mmeelewa.

Baba yake ni Mzee Karanja, mwenyekiti wa wakulima wa hapo. Maziwa yake analeta mwenyewe na anapiga laini ya foleni kama watu wengine. Si mtu wa maneno mengi.

Ruracio ikapangwa Jumamosi. Kama wewe si wa kwetu, hiyo ni siku familia ya kijana inaenda kwa kina msichana kuzungumza mahari. Kijana mwenyewe haongei. Anakaa hapo kama mzigo, wazee wanaongea.

Msemaji wetu alikuwa Anko Ndung'u, ndugu ya marehemu baba. Hakuwa amewahi kuwa msemaji maishani. Jumapili baada ya kanisa akakuja kwangu, akakunywa chai, akaniambia nimrekodi ajisikie vile anatoka. Maiki ilikuwa tayari kwa meza, maanake nilikuwa narekodi sauti mpya za kituo cha Wairimu. Nikabonyeza. Anko akasimama katikati ya bedsitter yangu ya chumba kimoja, akafunga vifungo vya koti, akaanza.

Rekodi ikajiweka kwa folder ya sauti pamoja na zile zingine. Nikaiita "mazoezi" na nikasahau hiyo maneno.

Jumatatu nikiwa ofisini nikaandika funga build. Ikapita bila error. Nikaandika funga archive. Bila error pia. Niliona package imekuwa nzito kuliko kawaida, nikasema labda sauti mpya zimetoka clear.

Kuna kitu kingine mnafaa kujua. Wakulima walikuwa wamelalamika kwamba asubuhi zingine spika haisikiki. Kwa hivyo niliweka test: kompyuta ikiwashwa, programu inacheza kila sauti iliyo kwa folder, moja baada ya nyingine, ndio watu wajue spika iko sawa. Mpaka zote ziishe, mzani haufunguki. Niliona hiyo ni engineering safi. Boss hata alinipongeza.

Jumanne asubuhi Wairimu akapiga simu.

"Kuna mtu anaongea kwa spika," akasema.

"Mtu gani?"

Akaelekeza simu nje.

"...tukipewa uji, msimalize. Wakiona kikombe kimeisha watajua tuko na haraka. Na huyo mzee, nimeulizia, anapenda kusifiwa ng'ombe. Sifuni ng'ombe hata kama amekonda. Akianza hadithi za uenyekiti wake, mwachieni achoke."

Ngai, Mungu wangu. Alikuwa Anko.

Nikamwambia Wairimu azime kompyuta haraka. Akazima. Lakini maziwa lazima yapimwe, na lori la kuyabeba lilikuwa limesimama hapo na dereva amenuna. Kwa hivyo akawasha tena. Test ikaanza upya. "Asante, maziwa yamepokelewa." "Karibu, weka ndoo." Halafu Anko, kutoka mwanzo kabisa, akisafisha koo.

Mtaniuliza kwa nini hakuchomoa waya. Spika iko juu ya paa na waya umepitia ndani ya paipu ya chuma mpaka nyuma ya kompyuta. Niliufunga mimi mwenyewe ndio usiibiwe.

Basi laini yote ikasikiza. Nilikuwa nawasikia kwa simu, wengine wanacheka, wengine wanawaambia wenzao wanyamaze. Kuna mama mmoja alipiga kelele, "Haiya, rudisha hapo kwa ng'ombe!" Mimi niko Ruiru nimeshika kichwa, na hakuna command ya kunyamazisha Anko.

Karibu na mwisho Anko akafika mahali pa mbuzi. Akasema, "Wakitaja mbuzi mingi sana, tunasimama. Tunachukua makoti. Tunajifanya tunaenda nyumbani."

Hapo sasa ikasikika sauti yangu. Nilikuwa nimekaa tu hapo kando kwa kitanda na maiki inaendelea.

"Anko, hiyo ya makoti hapana. Wakisema chochote, kubalini. Huyo msichana nikimkosa sijui nitajifanyia nini. Wacha waitishe vile wanataka."

Laini yote kimya, hata yule mama.

Halafu spika ikaendelea na sauti iliyofuata kwa folder, na hiyo pia ni yangu: "Samahani, weka ndoo tena."

Watu walicheka mpaka nikatoa simu kwa sikio.

Wairimu hakucheka. Akarudi kwa simu akaniambia, "Baba amesimama hapa na ndoo yake. Amesikia yote." Nikaanza kueleza mambo ya folder. Akasema, "Wacha nipime maziwa," akakata.

Mdomo uliponza kichwa, na hapa midomo ilikuwa miwili.

Nikaingia kwa tool. Nikaandika funga futa. Ikanijibu kwamba haijui hiyo command. Nikatoa rekodi kwa folder, nikafunga build mpya na namba mpya, nikaweka stoo ndio kesho yake kituo kichukue hiyo. Halafu nikamwendea boss, nikamwomba ile ya jana tuiondoe kabisa. Boss akasikiza kisa chote bila kubadilisha uso. Akasema, "Archive ni archive." Halafu akaniuliza kama nilitumia command ya kuonyesha kilicho ndani kabla ya kufunga.

Nikamuuliza kama iko.

"Ndiyo ya kwanza kwa maelezo ya tool," akasema.

Anko naye nikampigia. Nikamweleza. Akauliza, "Sasa sauti yangu ilitoka nzito?"

Nikakata simu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nikimwandikia Wairimu ujumbe, ananijibu "Sawa." Nikimwomba msamaha, "Sawa." Nikimuuliza kama Jumamosi bado iko, "Iko." Wale mmewahi kujibiwa hivyo mnajua usingizi unaenda wapi.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Si mbuzi. Nilikuwa nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya wale waliomchagua, na msichana wake akabaki hapo anapima maziwa watu wakimwangalia. Nilijua naweza kumkosa, na sababu ni mimi.

Jumamosi tukaenda. Kwa lango wamama wakatufungia na nyimbo kama kawaida, lakini kuna mmoja akachungulia akauliza, "Hawa ndio wale wa makoti?" Wakacheka, wakafungua. Tukaketi. Uji ukaletwa. Msemaji wao akasema kwa upole kabisa, "Kunyweni pole pole. Tunajua hamna haraka."

Anko akamaliza kikombe chake hapo hapo, akaomba kingine.

Halafu Mzee Karanja akasimama mwenyewe. Hiyo haifanywangi, wakuu. Baba ya msichana ana mtu wa kumsemea.

"Mimi watu hunisifu mbele, halafu wananisema nyuma," akasema. "Nyinyi mmenisema kwa spika. Angalau hakuna mtu ameniletea udaku."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia.

"Kijana, ile maneno ya mwisho. Huyu mzee ndiye alikupangia useme?"

"Hapana, Mzee."

"Sawa. Hizo zingine ni za wazee, tutazimaliza kama wazee." Akaketi.

Wakazimaliza. Mbuzi hakupunguza hata mmoja. Anko alikubali kila kitu bila kukohoa. Angefanya nini na msimamo wetu ulishatangazwa?

Sasa kuna ile sehemu msichana anaitwa mbele ya kila mtu. Anaulizwa kama anawajua hawa wageni na kama wazee wake wapokee walicholeta. Akikataa, mnabeba vitu vyenu mnarudi. Kawaida huwa hakuna presha, msichana anasema ndio na chakula kinaletwa.

Wairimu akasimama. Akasema ana swali kwanza.

"Ulimwambia Anko," akaniambia. "Ukaambia laini ya maziwa. Ukaambia baba. Mimi uliniambia lini?"

Wakuu, nilitafuta kwa kichwa. Niliwahi kumwambia mambo ya mzani. Niliwahi kumwambia amependeza. Nilimwambia familia yangu inakuja Jumamosi. Lakini kwamba nikimkosa sijui nitajifanyia nini, hiyo sikuwahi. Nilidhani inaonekana tu.

Anko akaanza kuinuka, maanake msemaji ni yeye. Wairimu akamwambia kwa heshima, "Anko, kaa kidogo."

Nikasimama. Nikamwambia. Sitaandika hapa nilichosema, hiyo si yenu. Sauti ilinitetemeka kama ya mtoto wa Sunday school, na hapo hakuna build, ikitoka imetoka. Aliniacha nimalize, hakunisaidia hata neno moja. Macho yake yalikuwa na maji.

Halafu akageukia wazee wao akasema, "Pokeeni."

Mama yake ndiye alianza vigelegele.

Basi hiyo ndiyo ilinipata. Funzo kwa watu wa kazi hii: tool inafunga kile umeipa, haijui kazi ni gani na siri ni gani. Angalia kilicho ndani ya package kabla haijaingia stoo, kwa sababu kuna vitu vikishatumwa hakuna command ya kuvirudisha. Anko Ndung'u bado yuko kwenye archive yetu mpaka leo.

Kama uliwahi kutuma kitu mahali hakikufaa kufika, weka hapo chini tujue hatuko peke yetu. Na mwenye mbuzi upande wa Ruiru au Mwiki, inbox iko wazi.

Wairimu ameusoma huu uzi kabla sijauweka. Siku hizi kila neno langu huanzia kwake.