Mahali pa Goti la Kulia

Goti la kulia ndilo lililokuwa linaanza. Saa moja na robo baada ya kutoka nyumbani, hata barabara ikiwa nyoofu na upepo ukiwa wa kubembeleza, goti lingeanza kunong'ona. Saa moja na nusu, linalalamika. Zikitimia mbili, linapiga mayowe, na hapo mwenyewe analazimika kusimama kando ya barabara, kushuka, na kuchechemea akizunguka pikipiki kama mtu aliyedondosha kitu majanini.

Mwenye goti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, fundi wa meno ya bandia. Kazini, mtaani, na hata ukweni, walimwita Fundi Meno. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya kliniki ya meno, chenye dirisha moja, meza ya kazi, taa ya kuning'inia, kijiko cha kuyeyushia, na harufu ya nta iliyoyeyuka ambayo ilikuwa imeshaingia hadi kwenye mkoba wake. Tangu asubuhi hadi jioni alikaa pale akipanga meno kwenye nta, moja moja, akiyainamisha kidogo, akiyanyanyua kidogo, mpaka taya la jasi lionekane kama linataka kusema neno. Mikono ilikuwa imetulia kabisa. Miguu chini ya meza ndiyo iliyokuwa na dunia yake.

"Fundi, wewe!" mwenzake wa meza ya pili alikuwa akimkemea kila siku. "Unatikisa meza. Utanifanya nimtengenezee mtu meno ya mamba."

"Samahani, mwenzangu. Inajitikisa yenyewe."

Ndivyo alivyozaliwa. Mama yake alikuwa akimtuma chumvi duka la jirani, naye anarudi nayo baada ya kupitia mitaa mitatu. Ukubwani mambo hayakubadilika. Alikuwa kiguu na njia wa kweli, mtu wa kumaliza chai akiwa amesimama mlangoni. Watoto walipoondoka nyumbani, alinunua pikipiki kubwa ya safari ndefu kutoka kwa mhandisi mmoja mstaafu. Ilikuwa na kioo kipana mbele, masanduku mawili pembeni, na kiti kama kochi. Watu walisema amechanganyikiwa. Mume wake, mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu wa kuweza kusinzia hata kwenye foleni ya benki, alisema tu, "Afadhali atetemeshe barabara kuliko meza ya chakula," akajinunulia helmeti.

Lile goti aliliumiza miaka minne nyuma kwa kuteleza kwenye ngazi akibadilisha balbu. Daktari wa mifupa alilikunja, akalikunjua, akasema limepona, ila halipendi kukaa limekunjwa muda mrefu. Na vikanyagio vya ile pikipiki vilikuwa chini ya kiti kabisa, vikimkunja kama aliyekalia kigoda. Basi akajizoesha kuunyoosha mguu hewani huku akiendesha, dakika moja hivi, kisha anaurudisha.

Jumamosi moja, mume akiwa nyuma, aliunyoosha hivyo hivyo, na lori likawapita kwa kasi. Upepo wake uliuchota mguu, ukaurusha nyuma. Buti likagonga sanduku, likampata mwalimu kwenye muundi. Pikipiki ikayumba, ikala changarawe za pembeni, ikayumba tena, ikasimama kwa rehema tu.

Walishuka. Mwalimu akainama kuupapasa muundi.

"Kumbe siku hizi unanipiga mateke," alisema. Ulikuwa mzaha, lakini hakucheka.

"Nisamehe, mume wangu. Goti lilikuwa linaniua."

"Sikiliza, bibie. Huo mguu utafutie mahali pa kukaa. Pa chuma. Usipopata, mimi napanda basi, na wewe utakuwa unaniaga tu dirishani."

Jumatatu, mchana wa mapumziko, alikuwa tayari dukani kwa muuza vifaa vya pikipiki, jamaa mnene ambaye wateja walimwita Kromi kwa kupenda kwake kila kinachong'aa. Kromi alimpangia kaunta nzima. Kulikuwa na vikanyagio vyembamba vya mviringo vinavyowaka kama kioo. Vipana kama kandambili, vyenye mpira mweusi juu. Vya kukunjika na visivyokunjika. Vyenye mkono mfupi na vyenye mkono mrefu. Vyote ni vya kufungwa kwenye gadi, yale mabomba ya chuma yanayoikinga injini pikipiki ikianguka, ili dereva apate pa kunyooshea miguu mbele kwenye barabara ndefu.

"Hivi vipana vina sura ya viatu vya mgonjwa," Kromi alisema. "Chukua hivi vya kung'aa, dada. Pikipiki yako ni bibi harusi, usimvalishe ndala."

"Bomba langu ni nene kiasi gani, unajua?"

"Klampu, hivi vishikizo vyake, zinaingia kote. Hakuna shida."

Siku nyingine angeuliza mara tatu. Lakini muda wa mapumziko ulikuwa unaisha, goti linamvuta, barabara inamvuta zaidi. Alinunua vile vya kung'aa kama mtu anayekimbizwa.

Alivifunga mwenyewe, uani, kabla hata hajavua nguo za kazi. Klampu zilikuwa kubwa kuliko bomba, zikacheza. Akakata vipande vya tyubu ya zamani, akavizungushia, akakaza. Zikashika. Alivisogeza mbele kadiri alivyoweza, maana aliwaza: ukinyoosha, nyoosha kweli. Kisha akapanda pikipiki, akajiona anastarehe kama aliye kwenye kiti cha kinyozi.

Kesho yake alitoka peke yake. Robo saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ya pili, akaanza kuhisi kiuno kinavutwa mbele na mabega yananing'inia kwenye usukani. Ya tatu, mbuzi wawili wakaingia barabarani, naye akatafuta breki ya mguu: moja, mbili, ndipo buti likaifikia. Mbuzi walikuwa wepesi kuliko yeye. Kabla moyo haujarudi mahali pake, klampu ya kulia ikajizungusha kwenye tyubu, kikanyagio kikalala, na kisigino cha buti kikaenda moja kwa moja kwenye lami. Alisikia kikisagwa.

Alirudi polepole, miguu imekunjwa pale pale pa zamani. Alilivua buti haraka, akalisukuma chini ya kiti. Lakini mwalimu wa hesabu hakosi kuona kilichopungua.

"Hiki kisigino kimeliwa na nini?"

"Lami."

"Aa," alisema mwalimu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Wiki hiyo haikuwa ya kuishi. Kila alipokaa alisimama, kila aliposimama alitaka kutoka, na akitoka hajui anakwenda wapi. Alifagia karakana mara mbili kwa siku. Mwenzake akasema akiendelea hivyo saruji ya sakafu itaisha.

Alhamisi daktari wa kliniki akamwita chumba cha matibabu, jambo ambalo lilitokea kwa nadra, kwani yeye kazi yake ilikuwa na mataya ya jasi, si na watu. Palikuwa na bibi mmoja mwembamba, ameshika meno yake mkononi kwenye leso.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeyatengeneza?"

"Hapana, bibi, haya si ya kwetu. Nani alikupimia?"

"Hakuna aliyenipimia. Niliyaona sokoni, meupe, yamejipanga vizuri. Nikayapenda. Lakini mdomoni ni jela."

Fundi Meno aliyachukua yale meno, akayageuza. Yalikuwa mazuri kweli, yamenyooka kama askari wa gwaride. Akayatazama kwa muda mrefu mno, hadi daktari akamgusa bega. Ghafla alikuwa amekumbuka kaunta ya Kromi, na uso ukapata moto kwa aibu. Miaka ishirini na sita ya kupima vinywa vya watu kwa unene wa karatasi, halafu mguu wake mwenyewe ameununulia kitu kwa macho!

Jumamosi asubuhi alikwenda gereji na donge la nta na kipimio kidogo cha unene mfukoni. Fundi wa gereji ile alikuwa mzee mkavu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeitwa Spana. Mwalimu alifuatana na mkewe, kwa sababu, alivyosema, ule muundi ulikuwa wake.

Waliisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati. Spana akafungua vile vya kung'aa, akaviweka kando bila neno, akapima bomba kwa kile kipimio kidogo alicholeta Fundi Meno kutoka karakana.

"Nani alikwambia klampu hii ni ya bomba hili?"

"Usiniulize, mzee wangu."

"Basi siulizi."

Akamwambia apande, afumbe macho, anyooshe miguu inapotaka yenyewe. Alifumba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alitulia sekunde tano, akafumbua.

"Bado!" mwalimu alisema.

Alifumba tena. Miguu ikaelea, ikasita, ikatafuta, ikapata. Pale buti lilipogusa gadi, Spana akabandika donge la nta laini, akamwambia akanyage. Wakarudia mara nne. Mara zote alama za mguu wa kushoto zilikaa pamoja. Za kulia pia zilikaa pamoja, lakini chini zaidi kwa upana wa vidole viwili, na nje kidogo.

Spana alikuna kidevu. "Tutafuata ya kushoto. Pande zote sawa."

"Hapana. Kila mmoja ukae unapotaka."

"Itakuwa upogo, mama! Watu watasema Spana amelewa. Pikipiki itafanana na mtu aliyevaa kiatu na ndala."

"Mzee wangu, nimetengeneza vinywa zaidi ya elfu tatu. Sijapata hata kimoja ambacho kushoto ni sawa na kulia. Aliyelazimishwa usawa ndiye anayerudi analia."

Spana alimgeukia mwalimu kutafuta msaada. Mwalimu akainua mikono. "Mimi nafundisha pembetatu tu."

Kwenye rafu ya Spana wakachagua vikanyagio vipana kama vile vya kaunta ya Kromi, vyenye mpira juu, vinavyokunjika kwenda juu vikigusa chini. Klampu za kipimo cha bomba. Spana akatia gundi kwenye bolti ili mtetemo usizilegeze, akakaza kidogo huku, kidogo huku, bila pupa. Kisha wakawasha injini dakika kumi, na Fundi Meno akapitisha kiganja kuona kama joto litamchoma muundi. Wakailaza pikipiki kulia na kushoto, mwalimu amepiga magoti akipitisha kipande cha boksi chini ya vikanyagio kuhakikisha kona hazitavikwangua. Mwisho likaja zoezi la breki: mwalimu anapiga kofi bila taarifa, naye anatoa mguu kwenye kikanyagio na kukanyaga breki. Mara ya kwanza alichelewa. Mara ya kumi mguu ulikuwa umefika kabla kofi halijapoa. Mwalimu akaongeza kumi nyingine, kwa furaha ya wazi ya mtu aliyepata mwanafunzi.

"Kaza tena ukitembea kilomita mia," Spana alisema wakiondoka. "Na usimwambie mtu nani alikutengenezea upogo huu."

Jumapili walifunga safari, wote wawili. Mjini na kwenye kona aliweka miguu pale pa zamani, karibu na breki. Barabara ilipofunguka, tambarare, isiyo na gari, akaipeleka miguu mbele. Ikakaa.

Saa moja na robo ilifika. Alisikiliza. Saa moja na nusu. Alisubiri kama anayemsubiri mgeni mkorofi. Saa mbili zikapita, saa mbili na nusu, na goti kimya. Lakini yeye mwenyewe hakuwa kimya. Macho yalikuwa kwenye mlima ujao, na ukipita huo, kwenye unaofuata. Kila njia panda ilimwita kwa jina.

Saa ya tatu mwalimu akamgonga helmeti. "Simama! Sasa ni magoti yangu!"

Mwalimu alijitupa chali kwenye majani. Mkewe akakaza bolti, akazunguka pikipiki, akaenda hadi kwenye kalvati, akarudi, akaenda tena.

"Linauma?"

"Wala."

"Basi si ukae?"

Alisimama. Alilikunja goti, akalikunjua; halikulalamika. Miaka minne alikuwa akilisingizia goti. "Siwezi," alisema polepole. "Mwalimu, kumbe halikuwa goti."

"Nilijua tangu siku ya posa," mwalimu alisema, macho yamefumbwa. "Ulizunguka nyumba mara saba, shangazi zangu wakadhani umepoteza hereni."

Mkewe alicheka, kisha machozi yakamlengalenga, na hakujua kwa nini. Alichojua ni kwamba ndani ya ile karakana ya dirisha moja hataimaliza miaka minane iliyobaki kabla ya kustaafu akiwa amekaa.

Jumatatu alimgongea daktari. Alimweleza habari za yule bibi wa meno ya sokoni, na za wengine kama yeye, walio mbali, ambao hawawezi kuja kliniki mara nne kupimwa na kurekebishwa. Akasema siku mbili kwa wiki anaweza kuwafuata kwenye zahanati zao. Daktari alisema hapana. Wiki iliyofuata akasema tutaona. Mwezi wa tatu tangu aombe, baada ya mwenzake wa meza ya pili kuandika barua yenye sababu moja tu, yaani meza, daktari alikubali.

Sasa Jumanne na Ijumaa masanduku ya pembeni yanajaa nta, jasi na mataya yaliyofungwa kwa pamba. Kuna zahanati tano kwenye njia yake, na ya mwisho iko saa nne kutoka nyumbani. Kule, juzi, alimvalisha mzee mmoja meno ya juu, akayasugua kidogo kushoto, akamwambia aume. Mzee aliuma karoti, ikalia ka! Chumba kizima kikacheka.

"Kaa basi, mwanangu, unywe hata maji," mzee alimwambia. "Umetoka mbali."

Fundi Meno alipokea kikombe kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshashika helmeti.

"Ahsante, baba. Nitayanywa nimesimama."